Omnigraph kutotoa mlio
Ikiwa Omnigraph yako, mashine ya zamani ya kujifunzia msimbo wa Morse (herufi za nukta na vistari), haitoi mlio, haijaharibika. Omnigraph ya visahani haina sauti yake, ni swichi tu inayozungushwa na springi. Ukingoni mwa kila kisahani kuna meno: jembamba ni nukta, pana ni kistari. Wenzo ukipanda juu ya jino, ncha mbili zinagusana na umeme unapita. Baza, yaani kifaa cha kutoa mlio, unaiweka mwenyewe: waya kutoka kwenye betri hadi skrubu moja ya mashine, skrubu ya pili hadi kwenye baza, kisha urudi kwenye betri. Baza ya volti 3 hadi 6 inatosha. Umeme wa ukutani usiuguse kabisa, hizo skrubu ziko wazi.

Mlio ukikatikakatika, mara nyingi ncha zina kutu. Bana kipande cha karatasi safi kati yake, ukivute taratibu mara kadhaa. Msasa unakwangua ncha, uache. Nukta zikiungana na kuwa kistari, nafasi kati ya ncha ni ndogo mno. Ipanue kidogo kidogo. Mwendo ukizorota wakati springi bado imejaa, hiyo ni grisi ya zamani iliyoganda, mpe fundi saa.

Na angalia upande wa kisahani. Kikigeuzwa, herufi zinasomeka kinyumenyume: A inakuwa N, D inakuwa U. E na T zinabaki vilevile, ndiyo maana wengi hawashtuki mapema.