CD4 zangu ni 820, naweza kupumzika ARV kwanza?

SWALI: Shikamoo daktari. Natumia ARV (TLD) tangu 2019. Kipimo cha mwisho kilionyesha virusi havionekani, CD4 (seli za kinga) 820. Jirani yangu anauza virutubisho vya kuongeza kinga. Anasema kwa kinga hiyo mwili unaweza kujipigania wenyewe, hivyo nitumie kopo lake na kuacha ARV miezi michache ili nipumzishe ini. Je, kisayansi ni kweli?
Msomaji, Morogoro

JIBU: Marahaba. Hapana, si kweli, na usiache dawa hata wiki moja.

Hilo analokushauri jirani limeshajaribiwa. Utafiti wa SMART ulihusisha watu 5,472 wenye CD4 zaidi ya 350, katika nchi 33. Kundi moja liliendelea na dawa bila kukatiza. Jingine liliacha, likarudia pale tu CD4 zilipoteremka chini ya 250. Januari 2006 ilibidi kuandikisha watu kusitishwe, kwa sababu waliopumzika walikuwa wakipata magonjwa nyemelezi au kufariki zaidi ya mara mbili ya wenzao. Magonjwa makubwa ya moyo, figo na ini nayo yaliwaandama zaidi haohao waliopumzika. Na kuna la ini ambalo jirani hakukwambia: tenofovir na lamivudine zilizomo kwenye TLD hutuliza pia virusi vya homa ya ini B. Mwenye homa hiyo, hata kama hajijui, akiziacha ghafla ini linaweza kuwaka vibaya sana.

Kinachoniuma zaidi lakini ni hii biashara ya kuongeza kinga. Karibu kila wiki nawekewa mezani kopo lenye picha ya ngao, na mgonjwa ameshalilipia fedha ambayo ingemtosha nauli ya kliniki kwa muda mrefu. Wauzaji hawa wanazungumza kana kwamba VVU viko nje ya kinga, na kinga ikinenepa itavifukuza. VVU vinaishi ndani ya kinga yenyewe. Vinaingia kwenye seli ya CD4 na kupachika vinasaba vyao kwenye vinasaba vya seli. Seli ikiamka na kuanza kazi, ndipo virusi vinapozalishwa kwa wingi. Seli nyingine hulala navyo miaka na miaka, na ARV hazina la kuzifanya kwa sababu hakuna uzalishaji wa kuzuia. Mwaka 1997 vikundi vitatu vya watafiti Marekani, kimojawapo cha Robert Siliciano wa Chuo Kikuu cha Johns Hopkins, vilionyesha kwamba hata kwa mtu ambaye virusi havionekani kwenye damu, seli hizo zilizolala bado zina virusi vinavyoweza kuzaliana. Baadaye kikundi cha Siliciano kilikadiria kwamba seli hizo huchukua kama miezi 44 kupungua kwa nusu. Kuzimaliza kwa dawa pekee kungehitaji zaidi ya miaka 60. Ndiyo maana wengi wakiacha dawa, virusi hurudi ndani ya wiki chache.

Wapo waliopandisha CD4 kwelikweli. Katika tafiti za ESPRIT na SILCAAT, zilizochapishwa 2009, kati ya watu zaidi ya 5,800 baadhi walitumia ARV pamoja na sindano za interlukini-2, kemikali ambayo mwili wenyewe huitumia kuziamuru seli hizi ziongezeke. CD4 zilipanda. Magonjwa na vifo havikupungua. Sasa unga wa kopo utafanya nini?

Tena unga huo unaweza kukudhuru hata ukiendelea na ARV. Soma viambato. Zinki, chuma, kalsiamu na magnesiamu huinasa dolutegravir, dawa ya tatu iliyomo kwenye TLD, tumboni, ikaingia kidogo kwenye damu. Dawa za kiungulia zenye magnesiamu au aluminiamu ni hivyohivyo. TLD imezwe saa 2 kabla ya vitu hivyo au saa 6 baada yake. Muuzaji gani amewahi kukwambia hili?

Tumeshapita njia hii mara nyingi mno. Mwaka 1990 Kenya ilitangaziwa Kemron, interferoni (protini ya kinga) kidogo ya kunyonya mdomoni, kwa shangwe kubwa. Majaribio yaliyofuata, likiwemo la Uganda, hayakuona faida. Mwaka 2011 umati ulipanga foleni Samunge, Loliondo, kwa kikombe cha dawa ya mitishamba cha shilingi 500, na wapo walioacha ARV baada ya kukinywa. Kila anayeuza huwa na ushuhuda wa mtu aliyepata nguvu. Mwombe kipimo cha wingi wa virusi cha mtu huyo, kilichopimwa akiwa ameacha ARV, uone kama atakuletea.

Kama ini linakutia wasiwasi, omba CTC (kliniki unakochukulia ARV) wakupime utendaji wake pamoja na homa ya ini B. Kopo kama umeshalinunua, nenda nalo mfamasia asome viambato. Na kama umeshaanza kuruka dozi, rudia dawa leo na useme umeruka ngapi. Usifiche kwa kuogopa kugombezwa, maana idadi hiyo ndiyo itaamua wingi wa virusi upimwe tena lini.