Vyuo vya meno vina mchango mkubwa kwenye sera

Ndugu yangu, umeuliza kama vyuo vya meno vina lolote kwenye sera za afya zaidi ya kutoa madaktari. Vinalo, na mfano mkubwa umetoka hapa kwetu.

Katikati ya miaka ya 1980, walimu wa meno wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, akiwemo Mholanzi Jo Frencken, walikabiliwa na jambo ambalo kila aliyekulia kijijini analijua: jino likitoboka, linang'olewa. Mashine ya kuchonga inataka umeme na maji, na zahanati nyingi hazikuwa navyo. Wakajaribu kukwangua sehemu iliyooza kwa vifaa vya mkono tu, kisha kuziba tundu kwa dawa inayoshika kwenye jino. Mara nyingi hata sindano ya ganzi haihitajiki. Fikiria mtoto wa darasa la pili anayeogopa sindano!

Mwaka 1994 Shirika la Afya Duniani likaanza kuinadi njia hiyo duniani kote. Mwaka 2021 dawa yenyewe ya kuzibia, glasi ayonoma, ikaingia kwenye orodha ya shirika hilo ya dawa muhimu.

Kwa hiyo mchango wa chuo ni ushahidi: kujaribu, kupima, kisha kuipelekea wizara kitu kinachofanya kazi. Kinachoniuma ni kwamba bado wagonjwa wengi wanang'olewa meno ambayo yangeweza kuzibwa. Hapo ndipo wahadhiri wanapaswa kuibana serikali zaidi, hasa wakati wa bajeti.