Makumbusho ya Reli Nairobi: tuanzie wapi?

Swali: Ndugu Mhariri, nataka kuwapeleka wanangu Makumbusho ya Reli, lakini nachelea wataona vyuma vikuukuu tu. Tutazame nini?
Mzazi, Machakos

Jibu: Ndugu msomaji, anzeni uani, kwenye kichwa cha treni cha mvuke namba 5918, Mount Gelai, kilichoundwa Manchester na chenye uzito wa tani zipatazo 250, kwa maana picha haiwezi kumwonyesha mtoto ukubwa ule. Kisha litafuteni behewa ambamo mwaka 1900, huko Kima, simba alimuua afisa wa polisi wa reli Charles Ryall, aliyesinzia akimvizia. Tafadhali wasimulie pia habari za maelfu ya vibarua kutoka India walioitandika reli hiyo kutoka Mombasa mwaka 1896 hadi Kisumu mwaka 1901, takriban 2,500 kati yao wakifa wakati wa ujenzi.