Kihisi kwenye tangi la maziwa: anza na joto

Ndugu, umeuliza kama vihisi vya intaneti, yaani vifaa vidogo vinavyopima hali kama joto na kutuma taarifa kwa mtandao, vinafaa kituo chako cha kukusanyia maziwa, au ni vya viwanda vikubwa tu. Vinakufaa, tena sana. Maziwa yanatakiwa yapoe hadi nyuzijoto 4. Umeme ukikatika usiku wa manane, bakteria hawatakusubiri uamke. Kihisi cha joto chenye laini ya simu kitakutumia ujumbe mapema. Hakikisha kina betri yake, maana kikizimika pamoja na umeme hakina kazi. Kumbukumbu zake pia zitakutetea mbele ya mnunuzi anayedai maziwa yamechachia kwako. Hapo ndipo naona faida kubwa zaidi. Vihisi vya kupima mtetemo wa kompresa, yaani pampu ya mtambo wa kupozea, viache kwanza. Namba ya simu ya mlinzi wa usiku iingizwe kwenye kihisi cha joto ili naye apate ujumbe, na afundishwe kuwasha jenereta.