Ini limechoka: maswali yenu ya wiki hii

Swali: Baba ini limesinyaa, hospitali wamempa laktulosi, sasa anaenda chooni kila saa, tuiache?

Msiiache jamani! Hiyo dawa tamu kama sharubati kazi yake ndo hiyohiyo, kuitoa sumu kwa njia ya choo. Ini likishindwa, amonia, yaani sumu kutoka tumboni, haisafishwi, inapanda kichwani, ndo unamkuta mzee analala mchana usiku macho, kavaa shati nje ndani, anamwita mjukuu jina la marehemu kaka yake, na majirani washaanza kusema karogwa. Inatakiwa choo laini mara mbili au tatu kwa siku, ikiwa ni maji matupu kila saa ongea na daktari apunguze dozi, maana akikaukiwa maji napo kichwa kinavurugika. Mwambie anyooshe mikono mbele kama trafiki anasimamisha daladala, viganja vikianza kupiga-piga kama mbawa, leoleo hospitali. Wodini tunapokea wengi ambao ndugu waliwaonea huruma wakaficha chupa.

Swali: Eti asile nyama wala maharage?

Ya zamani hiyo. Misuli yake inaisha, ale mayai, samaki, maharage, na kabla ya kulala kikombe cha uji. Tumbo likijaa maji adui ni chumvi, so ng'onda na vile vipakiti vya kiungo cha mchuzi aviage. Diklofenaki, ile dawa ya maumivu ya mgongo, pia hapana, inamuulia figo.

Swali: Naweza kumpa mama kipande cha ini langu, tunataka kwenda India?

Unaweza, group la damu likiendana na vipimo vikikubali. Wanakata kipande, mara nyingi upande wa kulia, na lako linakua tena ndani ya miezi michache, la mama vilevile. Ila ni operesheni kubwa, wapo watoaji waliofariki, wachache lakini wapo, usikubali kwa kusukumwa na kikao cha ukoo. Kule kuna sheria ya 1994, kununua kiungo ni jinai, mtathibitisha undugu kwa karatasi, kwa hiyo majina kwenye vyeti vya kuzaliwa na pasipoti yarekebishwe mkiwa bado huku. Na kwenye bajeti wekeni dawa za kuzuia mwili kukataa ini jipya, atameza maisha yote, watu wanachangisha ya operesheni tu.

Swali: Mume wangu ana hepataitisi B (homa ya ini), na mimi je?

Kapime wiki hii, wewe na watoto. Huna? Chanja, sindano tatu ndani ya miezi sita.