Maswali ya Wasomaji: Joto la Nyumba na Sheria za Majimbo ya Marekani

Wasomaji wetu wanaoishi Marekani wametuandikia kuhusu baridi, wenye nyumba, hita na bili za nishati, nasi tumechagua barua tano. Kabla ya kuzijibu tunaomba jambo moja lieleweke: nchini humo joto la nyumba halitawaliwi na sheria moja ya taifa zima, bali na sheria za kila jimbo, na mara nyingi na za jiji lenyewe, kwa hiyo jibu linalomfaa mtu wa Massachusetts huenda lisimfae ndugu yake anayeishi Texas.

Ndugu Mhariri, nimepanga ghorofa ya pili pamoja na wanangu. Tangu Novemba mtambo wa joto umekuwa ukizimika usiku. Mwenye nyumba ametuletea hita mbili za umeme na kusema kwamba hizo zitatutosha mpaka baridi iishe. Je, ana haki? Na nikilalamika, anaweza kunifukuza?
*Mama wa watoto watatu, Worcester, Massachusetts*

Hana haki, mama. Kanuni za afya ya makazi za Massachusetts zinamtaka mwenye nyumba ahakikishe kwamba kila chumba kinachokaliwa kina joto lisilopungua nyuzi 68 za Farenhaiti, yaani nyuzi 20 za Selsiasi, kuanzia saa moja asubuhi hadi saa tano usiku, na lisilopungua nyuzi 64, yaani karibu 18 za Selsiasi, katika saa zilizobaki. Wajibu huo unadumu tangu Septemba 15 hadi Mei 31. Kanuni hizo hizo hazizihesabu hita za kubebeka kuwa njia ya kutimiza wajibu huo. Gharama ya mafuta, gesi au umeme wa kupashia joto nayo ni ya mwenye nyumba, isipokuwa pale ambapo mkataba wa maandishi unasema kwamba mpangaji ndiye atakayelipa. Makubaliano ya mdomo hayatoshi.

Tafadhali usidhani kwamba katazo la hita ni urasimu mtupu. Januari 9, 2022, katika mtaa wa Bronx jijini New York, hita ya umeme iliyokuwa ikitumika ndani ya nyumba moja ya jengo la ghorofa 19 iliwasha moto ulioua watu 17, wengi wao wakiwa na asili ya Gambia. Waliokufa waliuawa na moshi, si miali: milango iliyopaswa kujifunga yenyewe ilibaki wazi, na moshi ukapanda kwenye ngazi ambako watu walikuwa wakikimbilia kujiokoa. Wataalamu wa zimamoto wanaelekeza kwamba hita ichomekwe moja kwa moja ukutani, kamwe si kwenye ekstensheni, iwe mbali na matandiko na mapazia kwa mita moja hivi, na izimwe watu wanapolala. Sasa angalia hali yako: mtambo unazimika usiku, na usiku ndio wakati ambao hita haipaswi kuachwa ikiwaka. Kwa hiyo alichokupa mwenye nyumba hakiwezi kutumika kwa usalama katika saa zile zile unazokihitaji.

Weka kipimajoto katikati ya chumba, mbali na dirisha na mbali na hita, kisha uandike tarehe, saa na kipimo. Mpelekee mwenye nyumba malalamiko kwa maandishi na ubaki na nakala. Asipochukua hatua, ita mkaguzi wa makazi wa jiji. Kukosekana kwa joto kumo katika orodha ya kasoro zinazohatarisha afya, ambazo mwenye nyumba anapoamriwa hutakiwa kuanza kuzishughulikia ndani ya saa 24. Kuhusu kufukuzwa, sheria ya Massachusetts inakulinda: mwenye nyumba akikupa notisi ya kuhama au akikupandishia kodi ndani ya miezi sita baada ya wewe kulalamika kwa mkaguzi, mahakama itachukulia kwamba analipiza kisasi mpaka yeye athibitishe vinginevyo.

Kwa wasomaji wa kwingineko: katika Jiji la New York msimu wa joto unaanza Oktoba 1 hadi Mei 31, na mchana kiwango ni nyuzi 68 iwapo nje ni chini ya nyuzi 55, ilhali usiku ni nyuzi 62 bila kujali hali ya nje. Minnesota ilichelewa, lakini tangu Januari 1, 2024 sheria ya jimbo inamdai mwenye nyumba nyuzi 68 kuanzia Oktoba 1 hadi Aprili 30, isipokuwa pale ambapo kampuni ya nishati inaagiza joto lipunguzwe.

Umeme ukikatika wakati wa baridi kali, tunaweza kuingiza ndani jiko la mkaa tunalochomea nyama uani, ilimradi dirisha liwe wazi kidogo?
*Familia ya Fort Worth, Texas*

Hapana, hata kama madirisha yote yako wazi. Mkaa unaowaka hutoa kaboni monoksidi, hewa isiyo na rangi wala harufu, ambayo hushikamana na damu kwa nguvu zaidi ya mara 200 kuliko oksijeni. Watu zaidi ya 400 hufa kila mwaka nchini Marekani kwa sumu hiyo katika ajali zisizohusu moto. Februari 2021, umeme ulipokatika kwa mamilioni ya watu wa Texas, kuna familia zilizokufa kwa sababu ya kuota moto wa mkaa ndani ya nyumba au kuwasha gari gereji ili zipate joto. Jenereta pia ikae nje, mbali na milango na madirisha. Ikiwa nyumba yenu haina king'ora cha kaboni monoksidi, nunueni leo cha kutumia betri, msingoje sheria iwalazimishe.

Mwaka jana nilinunua nyumba ya zamani. Ili kupunguza bili nimeziba nyufa zote, nimeongeza sufi ya kuhami joto darini na kufunika madirisha kwa plastiki. Bili imeshuka kweli, lakini sasa vioo vinatoka jasho kila asubuhi, na mara mbili king'ora cha kaboni monoksidi kimelia tulipokuwa tunapika. Jirani ananiambia kwamba king'ora ni kibovu. Nifanye nini?
*Msomaji wa St. Cloud, Minnesota*

Ndugu yetu, usikubali maneno ya jirani. King'ora kikilia tena toeni watu wote nje, kisha piga simu 911, namba ya dharura, ukiwa nje. Ving'ora hivi havilii ovyo: vimetengenezwa ili vistahimili kiasi kidogo, na vilie hewa ya sumu inapofika sehemu 70 katika milioni na kudumu kwa saa moja hadi nne, au sehemu 400 katika milioni kwa dakika 4 hadi 15. Kama kimelia mara mbili, basi kuna kitu ambacho kimekuwa kikiwapumulia kwa muda mrefu.

Tunadhani tunajua kilichotokea, kwa sababu ndicho kinachotokea katika nyumba nyingi zinazozibwa kwa nia njema. Hita ya maji ya gesi ya aina ya zamani haina feni. Hutegemea moshi wake wa moto upande wenyewe kwenye dohani. Ili moshi upande, lazima hewa nyingine iingie ndani kuchukua nafasi yake, na zamani hewa hiyo ilipita kwenye zile nyufa ulizoziziba. Sasa mkipika mnawasha feni ya jikoni, pengine mashine ya kukaushia nguo nayo inafanya kazi, na zote mbili zinavuta hewa kuitoa nje. Nyumba haina pa kuvutia hewa mbadala isipokuwa kwenye dohani, na moshi uliokuwa ukipanda unageuka na kushuka ndani. Unyevu unaouona kwenye vioo huenda unatokana na chanzo hicho hicho, kwa kuwa gesi inapoungua hutoa mvuke mwingi wa maji, ingawa kupika na kuoga katika nyumba iliyozibwa vilevile huacha unyevu usio na pa kutokea.

Nenda ukaiangalie hita ya maji kwa tochi. Juu yake, pale mabomba ya maji yanapoingia, mara nyingi huwa na vipete vya plastiki, chekundu na cha buluu. Vikiwa vimeyeyuka au kupinda, moshi wa moto umekuwa ukimwagika nje ya dohani. Tazama pia kama kuna masizi au kutu kwenye ukingo wa kofia ya bati inayounganisha hita na bomba la moshi. Ukikuta dalili hizo, funga gesi ya hita hiyo na umwite fundi mwenye leseni siku hiyo hiyo. Usipozikuta, bado mwite, kwa sababu dalili huchelewa kuonekana.

Fundi anayeijua kazi yake atafunga milango na madirisha yote, awashe kila feni inayotoa hewa nje, ndipo awashe hita na kupima kama moshi unapanda au unamwagika. Jaribio hili ni la lazima katika kazi nyingi za kuziba nyumba zinazolipiwa na mpango wa shirikisho wa kuhami nyumba za wenye kipato kidogo, ulioanzishwa mwaka 1976 na kuendeshwa kupitia majimbo. Mafundi wa mpango huo hufunga feni kubwa mlangoni, wakaivuta nyumba hewa mpaka tofauti ya mgandamizo ifike paskali 50, na kwa njia hiyo wakajua nyumba inavuja kiasi gani. Kipimo hicho hicho kimo katika kanuni za kisasa za ujenzi: kwa nyumba mpya za maeneo ya baridi, kanuni ya mfano inayotumiwa na majimbo mengi ilipunguza uvujaji hadi hewa yote ya nyumba kubadilishwa mara tatu kwa saa chini ya mgandamizo huo, na wakati huo huo ikaamuru nyumba iliyozibwa namna hiyo iwekewe feni ya kuingiza na kutoa hewa. Minnesota imekwenda mbali zaidi, maana kanuni zake za mitambo zinadai kwamba anayeongeza feni au mtambo katika nyumba iliyokwisha kujengwa apige hesabu ya hewa mbadala.

Jambo hilo ndilo tungependa kila msomaji wetu alishike. Kanuni za kubana matumizi ya nishati na kanuni za usalama wa moto ziliandikwa zikitegemeana, na mtu anayetekeleza nusu moja peke yake, kama ulivyofanya wewe kwa mikono yako na bila mtu wa kukuonya, anaweza kujitengenezea hatari ambayo haikuwapo alipokuwa akivujisha joto. Usibandue plastiki. Badilisha hita, uweke ile inayovuta hewa yake kutoka nje kwa bomba lake lenyewe, na uongeze njia ya kuingiza hewa safi. Hakikisha pia kwamba king'ora kiko ndani ya futi 10, yaani mita 3 hivi, kutoka kila chumba cha kulala, kwani hivyo ndivyo sheria ya Minnesota inavyotaka.

Kwa nini serikali ya shirikisho haiandiki kanuni moja ya majengo kwa nchi nzima?
*Mwanafunzi wa uhandisi, Lexington, Kentucky*

Usalama wa majengo umekuwa kazi ya majimbo tangu zamani, na mara nyingi jimbo huamka baada ya msiba wake lenyewe. Machi 20, 1905, boila, yaani mtambo wa kuchemshia maji, ya kiwanda cha viatu mjini Brockton, Massachusetts, ililipuka na kuua watu 58. Mwaka 1907 jimbo hilo likaweka kanuni za boila, na mwaka 1914 chama cha wahandisi wa mitambo kikatunga kanuni ambazo majimbo mengine yalizichukua. Kwa upande wa nishati, California iliunda tume yake mwaka 1974, baada ya mafuta kupanda bei, na viwango vyake vya majengo vilianza mwaka 1978. Viwango hivyo vimekuwa vikirekebishwa kila baada ya miaka mitatu. Sheria ya shirikisho ya mwaka 1992 inayataka majimbo yalinganishe kanuni zao na kanuni ya mfano, lakini haiyaadhibu yanayobaki nyuma, na yapo majimbo ambayo mpaka leo huachia miji na kaunti ziamue.

Kwa maoni yetu pengo kubwa zaidi haliko katika nyumba mpya. Kanuni hizi huwabana hasa wanaojenga au kukarabati, ilhali wapangaji wengi wanaishi katika nyumba za kale ambazo mwenye nyumba hana sababu ya kuzihami, kwa kuwa bili analipa mpangaji. Wisconsin ililiona hilo mwaka 1985, ikadai nyumba za kupangisha ziwekewe vifaa vya kuhami joto kabla ya kuuzwa, kisha ikaifuta sheria hiyo. Mji wa Boulder, Colorado, uliweka mwaka 2010 kiwango cha nishati kwa nyumba zote za kupangisha, ukawapa wenye nyumba miaka kadhaa kukifikia. Tunaamini njia ya Boulder ni ya haki, na tungependa kuona jimbo zima likiifuata.

Fundi ametuwekea mtambo mpya wa gesi ambao bomba lake la moshi linatokea ubavuni mwa nyumba. Juu ya bomba hilo, kwenye ukuta, amepigilia kibao chenye maandishi. Mke wangu anataka tukiondoe kwa sababu kinaharibu sura ya nyumba. Tunaruhusiwa?
*Msomaji wa Lowell, Massachusetts*

Hapana, msikiondoe. Januari 2005, mjini Plymouth, theluji iliyorundikana ukutani iliziba bomba la namna hiyo, na mtoto wa miaka saba aitwaye Nicole akafa kwa kaboni monoksidi. Novemba mwaka huo huo ikatiwa saini sheria inayoitwa kwa jina lake, inayoamuru ving'ora vya hewa hiyo katika nyumba zote zenye mitambo inayochoma mafuta au gesi au zilizoungana na gereji. Kanuni za gesi za jimbo zikaongeza kwamba, ikiwa bomba linatokea ukutani chini ya futi 7 kutoka ardhini, kibao kiwekwe juu yake, kwa kimo kisichopungua futi 8 kutoka ardhini, kikieleza kwamba chini yake kuna bomba la gesi ambalo halipaswi kuzibwa. Kibao kimewekwa juu kiasi hicho ili kionekane hata bomba lenyewe likiwa limefunikwa, na zimamoto au jirani ajue pa kuchimba. Kila theluji inapoanguka, mmoja wenu atoke na koleo asafishe sehemu hiyo kabla ya njia ya gari.