Ukiendesha jarida la milima na mapori kwa mapenzi, daftari lisikutoke mkononi

Wanaotaka kuanzisha jarida, chaneli au podikasti ya kupanda milima, kupiga kambi, kayaki au baiskeli za porini huniuliza swali moja kuliko mengine yote: utakulaje kama faida si lengo la kwanza? Nawajibu kwamba hapo kuna maswali mawili. La kwanza ni wewe mwenyewe utaishije, na la pili ni jarida litajiendeshaje. Ukiyachanganya, utaanza kuandika chochote kitakacholipa kodi ya mwezi huo, na muda si mrefu jarida lako litakuwa katalogi ya duka yenye picha nzuri za machweo.

Mimi nimeyatenganisha. Sehemu kubwa ya riziki yangu natoa kwenye kazi nyingine: nahariri video za watu, napiga picha za shughuli zao, nafundisha. Jarida linalipa gharama zake na linawalipa wanaolifanyia kazi. Kinachobaki hakiingii mfukoni mwangu, kinakaa kwenye akaunti yake kusubiri safari ijayo au lenzi itakayovunjika. Wapo wanaoniambia kwamba kuwa na kazi ya pembeni ni dalili ya kutokuwa makini. Naona kinyume chake kabisa. Kazi ya pembeni ndiyo inayoniwezesha kumwambia mdhamini hapana bila kuwaza watoto watakula nini.

Sasa, kutoiweka faida mbele si kuidharau pesa. Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari, na kazi za mapenzi ndizo zinazopotea hivyo kwa wingi, maana mwenye mapenzi huona haya kuhesabu. Hesabu. Orodhesha seva, jina la tovuti, programu za kuhariria, bima ya vifaa, betri, nauli, malipo ya waandishi na wapiga picha. Pembeni ya orodha hiyo andika kiasi ambacho ukikipata kwa mwaka kitakutosha. Kiandike kabla pesa hazijaanza kuingia, kwa sababu zikishaingia kila kiasi kitaonekana kidogo.

Mfano wa Patagonia, kampuni ya Marekani ya mavazi na vifaa vya milimani, ninaupenda kwa sababu hiyo. Mwaka 2022 mwanzilishi wake, Yvon Chouinard, na familia yake waliuhamisha umiliki wote: asilimia 2 ya hisa, zile zenye kura, zikaenda kwenye amana inayolinda malengo ya kampuni, na asilimia 98 zikaenda kwenye taasisi inayopigania mazingira. Kampuni haikuacha kuuza makoti wala kutengeneza faida. Kilichoamuliwa ni faida hiyo iende wapi. Jarida dogo halihitaji wanasheria ili kuamua jambo kama hilo. Linahitaji ukurasa mmoja ulioandikwa vizuri, na wasomaji wauone.

Kwenye uhakiki wa vifaa ndiko nia yako itakakopimwa. Mtengenezaji atakutumia koti la mvua la bure, na baada ya wiki mbili atauliza makala iko wapi. Lakini koti la mvua haliongei ukweli ndani ya wiki mbili. Likiwa jipya, matone yanaviringika juu ya kitambaa na kuanguka, na kila koti linaonekana bora. Livae msimu mzima ukiwa na begi zito mgongoni ndipo utazame mabegani, pale mikanda inaposugua: ule mpako wa kufukuza maji umekwisha, kitambaa cha juu kinalowa na kuwa kizito, jasho linashindwa kutoka, na wewe unahisi umelowa ingawa mvua haijapenya. Ligeuze uangalie kanda zilizobandikwa juu ya mishono, kama zimeanza kubanduka pembeni. Mahema nayo ni hivyo hivyo. Hema likihifadhiwa na unyevunyevu, mpako wake wa ndani wa poliyurethani huoza taratibu, na baada ya miaka kadhaa unalikunjua linanata mikononi na kutoa harufu kali. Msomaji anayetaka kununua anahitaji kuyajua hayo, na hakuna ratiba ya matangazo inayokupa muda wa kuyaona.

Kwa hiyo ushauri wangu ni mkali kidogo: vifaa unavyovihakiki vinunue mwenyewe, hata kama utahakiki vichache. Shirika la Consumer Reports la Marekani, lililoanza mwaka 1936, limeishi muda wote huo kwa kujinunulia bidhaa linazozipima na kukataa matangazo. Wewe huna maabara yao, lakini unaweza kununua jiko moja la gesi na kulipikia hadi ulijue. Kama lazima uazime, azima, rudisha, kisha mwambie msomaji kwenye mstari wa kwanza kwamba kifaa ni cha kuazima. Viungo vya kamisheni, yaani linki za kwenda dukani, navyo nivielezee, maana vinaonekana havina madhara. Ukilipwa kila msomaji anaponunua kupitia kiungo chako, huwezi tena kumwambia kwa moyo mmoja kwamba begi lake la zamani linahitaji zipu mpya tu. Na mara nyingi hiyo ndiyo makala anayoihitaji. Makala za kutengeneza, kushona, kuziba matobo na kutunza vifaa haziingizi hata senti, ila ndizo wasomaji wanazozirudia miaka na miaka.

Halafu kuna mahali penyewe. Milima, mabonde na fukwe ndizo malighafi yetu, na sisi wenye kamera tuna uwezo wa kuziumiza bila kuzigusa. Ufuo wa Maya Bay, Thailand, ulipata umaarufu baada ya The Beach, filamu ya mwaka 2000 iliyopigwa pale, watu wakafurika, matumbawe yakaharibika, na mwaka 2018 serikali ikaufunga ufuo hadi Januari 2022. Iceland nayo ilibidi ilifunge korongo la Fjaðrárgljúfur mwaka 2019, kwa sababu nyayo za wageni zilikuwa zinamaliza mimea ya kingoni baada ya video ya muziki kulifanya lijulikane duniani. Jarida linalokimbiza faida litaweka lokesheni kamili kwenye kila picha, kwa kuwa watu wanatafuta lokesheni. Lisilokimbiza faida lina nafasi ya kuchagua.

Mimi sifichi kila kitu. Wanaosema siri zote zibaki kwa wazoefu wanawafungia mlango wale ambao hawakuzaliwa kwenye familia za kupiga kambi, na hilo halinipendezi hata kidogo. Njia zilizojengwa vizuri, zenye vyoo na walinzi, nazitaja kwa jina pamoja na saa za kutembea. Chemchemi yenye udongo laini, kiota cha ndege au ukuta wa mwamba wenye michoro ya kale, natoa picha na maelezo, pini ya ramani sitoi. Kabla ya kuchapisha naongea na watu wanaoishi pale. Wakisema wasingependa, makala haitoki, hata kama safari imeshagharimu.

Jambo ambalo sitalilegeza ni malipo ya wengine. Katika kazi zetu kuna tabia mbaya ya kumwambia mwandishi kijana kwamba sote tuko hapa kwa mapenzi, kisha picha zake zikatumika bure. Mapenzi ni yako, usimtoze mwenzako. Kama bajeti inatosha makala mbili kwa mwezi, toa mbili. Mtu aliyeamka saa tisa usiku kwenye baridi, akalala na betri za kamera ndani ya mfuko wa kulalia ili zisiishiwe nguvu, amefanya kazi, na mkono mtupu haulambwi.

Pesa hizo kwangu zinatoka kwa wasomaji, wanaochangia kidogo kidogo kila mwezi, na kwenye toleo la kuchapishwa ambalo watu huagiza kabla halijaenda kiwandani, ili nichapishe nakala zilizokwisha kulipiwa tu. Makala zote zinazohusu usalama, kama radi, kuvuka mito, baridi kali na ugonjwa wa miinuko, ziko wazi kwa kila mtu, amelipa au hajalipa. Mtu asife kwa kukosa nywila.

Takwimu za kutazamwa naziangalia mara moja moja tu, kujua kama tovuti inafunguka vizuri.

Na panga mapema namna ya kufunga. Watu wengi hawaligusi hili, ilhali kazi inayotegemea mapenzi inategemea pia goti lako, wazazi wako wanaozeeka, afya yako. Weka akiba inayotosha kulipa kila mwandishi anayekudai na kuwarudishia wachangiaji miezi ambayo hawajaitumia. Hifadhi picha zote sehemu mbili zilizo mbali, na mwonyeshe mtu mmoja unayemwamini jinsi ya kuzifungua. Lipia jina la tovuti miaka kadhaa mbele, ili makala ya kuvuka mito iendelee kupatikana hata kama wewe hupandi tena.